Tanzia ya Rosa

Aibu hii ningekufa nayo, ila wenzangu wa hapa Harrow, Uingereza, wananicheka kwenye kila shughuli, heri niisimulie mwenyewe.

Binti yangu Neema, ana miaka minane, alimpenda dubu mmoja aitwaye Rosa, aliyefungiwa miaka na miaka kwenye kizimba nyuma ya hoteli moja ng'ambo huko ili wateja wapige naye picha, hadi watu wenye huruma wakamwokoa wakampeleka kwenye hifadhi, na Neema akawa anafuatilia habari zake kwenye simu yangu. Jumamosi moja tukasoma kwamba Rosa amekufa. Mtoto akajifungia chumbani, chai hataki, wali hataki, nami (mama mzima!) nikakimbilia simu, nikaandika kwenye grupu la akina mama wa Kitanzania: "Jamani, Rosa wetu ametutoka. Neema hali chochote. Tuombeeni." Neno dubu nililiacha makusudi, niliogopa watamcheka mwanangu.

Sasa mnatujua kwa misiba, tunakwenda kwanza, kuuliza baadaye. Sijamaliza hata kudeki, kengele ikalia, nafungua naona akina mama wamejaa hadi getini, kanga viunoni, masufuria ya pilau mikononi, pambio limeshaanza, majirani Waingereza wanachungulia madirishani, na Mama Mchungaji ananikumbatia: "Pole mwanangu, nimeacha shifti nimekuja." Nikawapisha mlangoni. Wakaketi kwenye zulia, mmoja akaangua kilio (hata hajui anamlilia nani!).

Mama Mchungaji akaomba picha ya marehemu. Neema akashuka nayo mwenyewe. Mtu akaguna, mwingine akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika, nami nikatamani ardhi inimeze.

Mama Mchungaji akaitazama picha, akamtazama mtoto na macho yake mekundu, akampakata. "Hebu tuambie, mjukuu wangu, Rosa alikuwaje?"

Neema akaeleza kwa Kiingereza chake (Kiswahili anasikia tu, hajibu), kwamba kizimbani hakuweza hata kugeuka, na siku ya kwanza alipofunguliwa aliziogopa nyasi, akawa anainua mguu anaurudisha, anainua anaurudisha, hadi akakanyaga. Yule aliyekuwa akicheka akaanza kulia kweli.

"Kumbe alizikanyaga," Mama Mchungaji akasema. "Basi alipumzika. Na wewe sasa ule."

Neema akala sahani mbili.

Nimeapa, nikitangaza tena msiba nitaanza na marehemu ni nani. Ila arobaini ya Rosa ilipofika nilinyamaza kimya kabisa, sikumwambia mtu, na bado walikuja.