Na Mama Mkwe Hadi Mto Zambezi

Wazee wa ukoo walikuwa tayari kumaliza mambo kwa simu. Aliyekataa ni Yeyo.

Yeyo ni mama wa mume wangu. Neno lenyewe ni la Kimaasai, maana yake mama, na tangu niolewe sijawahi kumwita jina lingine, ingawa mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Anaishi Oltepesi, huko Kajiado, kwenye barabara ya kwenda Magadi, na mbuzi wake na ng'ombe wachache walionusurika ukame. Binti yake wa mwisho, Nashipae, alienda Livingstone, nchini Zambia, kwa mafunzo ya kazi ya hoteli. Mafunzo yalipoisha hakurudi. Alijifunza kuendesha boti, akaajiriwa kutembeza watalii katika mto Zambezi, na huko huko akapata mchumba, kijana anayeitwa Mubita. Sasa Mubita alitaka kuleta wazee wake Kajiado tuzungumze habari ya ndoa.

"Mimi sikatai mtu," Yeyo alituambia Jumapili moja tulipomtembelea. "Lakini sijaona mahali mtoto wangu analala. Hata ndama siwezi kupeleka kwa boma sijaona. Nipelekeni kwanza nione."

Mume wangu, Lemayian, alinitazama. Yeye huchimba visima, na miezi ya kiangazi ndiyo miezi yake ya kazi. Mimi nilikuwa na likizo ambayo sijaigusa katika kiwanda cha rangi ninakofanya kazi. Nikajisikia nikisema, "Nitakupeleka, Yeyo." Maneno yalipokwisha toka ndipo nilipokumbuka kwamba mama huyu hajawahi kupanda hata lifti.

Mipango niliianzia jikoni kwetu Kitengela, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Tiketi za bei nafuu zilikuwa zikipitia Johannesburg. Nilipomwambia Nashipae, akapiga kelele.

"Mama Joy, wacha hiyo! Kila nchi mnashuka ni mlango mwingine wa kubisha. Kuja Lusaka moja kwa moja, halafu mchukue ndege ndogo hadi kwetu."

Nikafuata ushauri wake. Visa hatukuhitaji, kwa kuwa Mkenya huingia Zambia bila visa. Lakini wangetaka kuona tiketi ya kurudi, anwani ya mahali tutakapokaa, na ile kadi ya njano inayoonyesha kwamba umechanjwa homa ya manjano. Mimi nilichanjwa mapema, maana kadi haihesabiki mpaka siku kumi zipite tangu sindano. Yeyo hakuwa hata na pasipoti.

Nairobi, katika ofisi ya pasipoti, mashine ilikataa vidole vyake. Alibonyeza, akabonyeza tena. Miaka ya kukama, kukata kuni na kuvuta kamba za ndoo ilikuwa imelainisha ngozi ya vidole kama kokoto ya mtoni.

"Shosho, alama zimeisha," kijana wa mashine alisema kwa upole.

"Hazijaisha. Ziko kwa kazi," Yeyo akajibu, na watu wote kwenye foleni wakacheka.

Kijana alimshauri apake mafuta. Yeyo akafungua mkoba, akatoa kikopo cha mafuta ya kukamia ng'ombe, akasugua vidole polepole huku foleni ikingoja. Mashine ikakubali.

Kwenye kliniki ya chanjo mambo yakawa magumu. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliuliza umri wake, kisha akauliza dawa anazotumia. Nilipomwonyesha vidonge vya ugonjwa wa viungo, akaweka kalamu chini.

"Hizi dawa zinapunguza kinga ya mwili. Kwa umri wake, tena akiwa na hizi, siwezi kumchanja. Itamdhuru. Nitamwandikia kwenye kadi kwamba amesamehewa chanjo kwa sababu za kiafya, nipige na muhuri. Nchi nyingi zinakubali. Lakini siwezi kukuahidi. Mwenye kuamua ni afisa wa huko."

Tulitoka nje. Nilikuwa nimeshalipia tiketi. Nilimweleza Yeyo wazi: tunaweza kufika mlangoni tukarudishwa.

"Tukirudishwa," akasema, "Nashipae atajua nilikuja."

Agosti, siku moja kabla ya kuondoka, Lemayian alimleta kwa njia ya Kiserian na Rongai, wakakatiza Tuala hadi Kitengela. Yeyo alishuka amevaa shuka mpya, na mkononi kibuyu cha maziwa ya mgando, cha kumpelekea bintiye. Nilikuwa nikiogopa mazungumzo ya kibuyu hicho. Nikamwambia kwamba uwanja wa ndege hauruhusu, na kwamba hata ukiruhusu, Zambia haitaki maziwa ya nje kwa sababu ya magonjwa ya mifugo.

Alifikiri kidogo. "Hiyo ni akili," akasema. "Hata mimi singekubali maziwa ya boma lenye ugonjwa." Akampa mjukuu wake Joy kibuyu chote.

Asubuhi, angani, alikuwa amefumba macho na kushika mkono wangu hadi pete ikaniumiza. Ndege iliponyooka nikamwomba atazame nje. Alitazama kwa jicho moja kwanza. Chini kulikuwa na nchi ya rangi ya vumbi, mikunjo ya milima, halafu bapa moja la waridi na weupe likimeta.

"Magadi!" alisema kwa sauti iliyowafanya watu wa mbele wageuke. "Mama Joy, ile ni Magadi!"

Alibandika paji la uso kwenye dirisha. Alinionyesha kwa kidole njia ambayo yeye na marehemu mumewe walihamisha ng'ombe mwaka wa ukame mkubwa, wakitembea mpaka viatu vikaisha. Kutoka kule juu, safari ile yote ilifunikwa na kiganja kimoja. Hakufumba macho tena mpaka tukatua.

Lusaka, kabla hata ya dirisha la uhamiaji, kulikuwa na meza ya afya. Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani. Kadi yangu aliitazama mara moja. Ya Yeyo aliisoma mbele na nyuma.

"Huyu hajachanjwa," alisema kwa Kiingereza.

"Amesamehewa na daktari. Muhuri uko hapo chini."

"Nauona. Lakini uamuzi ni wetu. Kaeni pale."

Tukakaa kwenye viti vya chuma. Abiria wenzetu walipita, wakaisha. Wakaja wa ndege nyingine, nao wakapita. Ndege ndogo ya Livingstone ilitangazwa, ikatangazwa tena, kisha haikutangazwa. Nilijilaumu kwa kila kitu: kwa kuahidi haraka, kwa kupanga ndege mbili zikifuatana karibu hivyo, kwa kumtoa mama mzee kwake ili aje akalishwe kitako kama mshukiwa. Nikamwambia, "Yeyo, nisamehe."

"Ya nini?" aliuliza. "Mtu akija kwangu na ng'ombe, si ninauliza ametoka wapi? Wacha waulize."

Mwishowe afisa alirudi na daktari wa uwanja. Daktari alimpima Yeyo joto, akamuuliza kupitia kwangu amekuwa wapi majuma ya karibuni, kama kuna mtu nyumbani mwenye homa. Yeyo alijibu kila swali bila haraka. Kisha daktari akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye maswali ya kazi: amekuja kufanya nini?

"Kuona mahali mtoto wangu analala."

Nilipotafsiri, yule mwanamke wa miwani aliinamisha kichwa. Daktari akatia sahihi. Akatuonya tujipake dawa ya mbu na twende hospitali mara moja akipata homa. "Karibuni Zambia," akasema, na mimi nikaanza kulia kama mtoto mbele ya watu.

Ndege ya pili ilikuwa imetuacha. Tulilala kwenye nyumba ya wageni mjini, na kulipopambazuka tukapanda basi kubwa la kwenda kusini. Sasa nashukuru kwamba ndege ilituacha. Baada ya Kafue, na zaidi tulipokaribia Choma, ng'ombe walianza kuonekana kando ya barabara: wanono, wenye pembe nzuri, wakichungwa bila haraka kwenye nyasi zilizokauka. Yeyo aliinuka kitini.

"Kumbe wako na ng'ombe!"

"Wako nao, Yeyo."

"Nashipae hakuniambia. Alisema tu mto, mto, mto." Akaketi. "Yule mwekundu ana mimba," akaongeza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Livingstone tulifika alasiri. Nashipae alikuwa amesimama kituoni na Mubita na mama yake Mubita. Alikimbia, halafu hatua chache mbele yetu akatulia, akainamisha kichwa kama mtoto anavyopaswa. Yeyo akaweka kiganja juu ya utosi wake, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Mama Mubita alichuchumaa akapiga makofi laini, ambayo ndiyo salamu yao ya heshima. Yeyo hakuijua salamu ile, lakini naye aliinama kidogo. "Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai, na yule mama akacheka kwa furaha kana kwamba ameelewa. Mubita aliposogea, Yeyo alimpa mkono bila neno.

Nyumba anamoishi Nashipae ilikuwa ndogo na safi, uani kuna mapapai. Kabla hajavua viatu, Yeyo aliingia chumbani kwa Nashipae, akabonyeza godoro, akatazama dari, akafungua dirisha na kulifunga. Jioni tukaandaliwa nshima, ambayo ni ugali wao, na samaki wakubwa wa mtoni. Niliona Nashipae akimtazama mamaye kwa wasiwasi. Kwao samaki si chakula, na Yeyo hakuwa amekula samaki maisha yake yote.

"Yeyo, kuna nyama pia," Nashipae akasema upesi. "Nimekupikia mimi."

Yeyo alikula nyama. Baadaye, bila kuulizwa, akanyofoa kipande cha samaki kidogo kama ukucha, akakitafuna akimtazama Mama Mubita, akakimeza. Hakurudia. Lakini yule mama alipiga makofi tena.

Asubuhi iliyofuata nilitegemea atapumzika. Alikuwa ameshavaa.

"Mahali analala nimeona. Sasa nataka kuona mahali anaamkia."

Mtoni alisita. Kwetu maji ni kitu cha kupimia kwa mtungi. Haya yalikuwa yakienda na kwenda, na ng'ambo yake mbali kama kijiji kingine. Nashipae alimvalisha jaketi la kuelea juu ya shuka, akamkalisha nyuma karibu na usukani. Mbele walikaa watalii, wengi wao wageni wa Ulaya, na familia moja ya Lusaka. Tukaondoka. Kwa muda mrefu kulikuwa na ndege weupe, mamba akiota jua, na mvuke wa maporomoko ukipanda kwa mbali chini ya mto. Yeyo alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Karibu na kisiwa kimoja tulikuta ndovu wakivuka, mama na wadogo, mikonga ikitokeza juu ya maji. Watalii wote waliinuka kwa pamoja wakakimbilia upande mmoja na simu zao. Boti ikalala. Maji yakamwagika ndani. Wakati huo huo, kutoka kwenye matete upande wa pili, kiboko akakoroma na kuzamisha kichwa, mapovu yakielekea kwetu. Mtu mmoja alipiga yowe.

Nashipae hakupaza sauti. Alisema, "Keti. Wote. Mmoja mmoja, rudi mahali pako." Watu wazima, wengine waliomzidi umri mara mbili, waligeuka wakamkazia macho yeye, wakaketi. Boti ikanyooka. Akarudisha nyuma taratibu, bila kufanya mawimbi, mpaka mapovu yakatupita, na ndovu wa mwisho akapanda ukingoni akijikung'uta.

Nilimtazama Yeyo. Hakuwa anatazama ndovu.

Tuliporudi gatini, Mubita alikuwa akingoja na spana mfukoni, kwani kazi yake ni ufundi wa injini. Yeyo alimwendea. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha, nami nikatafsiri.

"Akiwa huko kwa maji, wewe uko wapi?"

Kijana alisugua mikono kwenye suruali. "Niko hapa, mama. Injini ya boti yake siachii mtu mwingine. Naikagua mwenyewe kila asubuhi kabla hajaondoka."

Yeyo alitikisa kichwa kukubali. Kisha akawavuta wote wawili karibu, akawatemea mate kidogo vichwani, baraka ya kwao, akimtaja Enkai, Mungu, kwa sauti ya chini. Nashipae alilia waziwazi. Mubita, ambaye hakujua lililompata, alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo.

Kurudi nyumbani kulikuwa kwepesi. Hata Lusaka yule wa miwani alitupungia mkono. Nikiulizwa na mtu anayepanga safari kama hii, humwambia aanzie kliniki kabla ya tiketi, na aache nafasi pana kati ya ndege moja na nyingine. Jambo kubwa nililojifunza halihusu tiketi. Nilidhani nimempeleka mama akague nyumba, kumbe godoro na dari vilimchukua dakika chache tu.

Oltepesi, wazee wa ukoo walikuja kusikia habari, wapate jibu la kuwapa wazee wa Mubita. Kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe ndiye aliyeuliza kwa niaba yao.

"Nyumba umeiona? Ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Na huyo kijana?"

"Anafanya kazi."

Mzee alingoja. Yeyo alikunywa chai yake kwanza, akaweka kikombe chini.

"Watu waliogopa majini," alisema, "na wote wakamwangalia Nashipae. Waambieni waje."