Riwaya ya Babu Yake Suud

Mahbuba alikuwa mwalimu Unguja. Mapinduzi yalipomtoa, alihamia Matrah, Omani, kwa kaka yake Amur, na huko hapakuwa na skuli ya wasichana wa kuwasomesha. Akashika kalamu. Akawa anaandika riwaya sura kwa sura, akizipeleka kwa meli kwa mhariri wa jarida moja Mombasa.

Mwanzo kulikuwa kutamu. Jarida likifika, wanawake wa Kiunguja walijaa chumbani kwa wifi yake Kheiria kusomewa, wakimgombeza Mahbuba kwa kumfisha mtu waliyempenda. Kisha mhariri akalalamika kwamba wasomaji wamechoka na mjane mwenye akili wa riwaya hiyo, wanataka mapenzi. Sura iliyofuata ilitoka na mjane ameshaolewa na shemeji yuleyule ambaye mjane alimkimbia. Si Mahbuba aliyemuoza, ni mhariri. Aliisoma mara moja, akaenda kunawa mikono.

Ndipo Amur alipomleta Suud, tajiri wa nguo, naye pia mtu wa Unguja.

"Nnataka riwaya ya marehemu babu na bibi yangu, Bibi Nasriya," alisema Suud. "Alivyompenda tangu siku ya mwanzo. Nitaipiga chapa Bombay, na jina lako juu."

Jina lake halijapata kukaa juu ya kitabu. Mahbuba akakubali, ila akaomba kuonana na Bibi Nasriya, ambaye alikuwa hai bado, anakaa vyumba vya nyuma vya nyumba ya Suud.

"Mlikutana wapi na marehemu, bibi?"

"Kukutana?" Bi Nasriya alicheka kidogo. "Nilinunuliwa, mwanangu. Sijavunja ungo. Nikilia hata majirani wakasikia, basi akanifungia ndani."

"Baadaye mkapendana?"

"Nilizoea. Hata mbuzi huzoea kamba."

Mahbuba akakiweka chini kikombe cha kahawa. Akamuuliza kama ayaandike hayo.

"Andika. Mimi sisomi, lakini wao wanasoma."

Hata hivyo, aliporudi nyumbani aliandika alivyoagizwa: waridi, udi, msichana anayeona haya dirishani. Iliandikika, tena vizuri, na hilo ndilo lililomkirihi. Alijiona kama aliyemfungia mtoto yule mlango mara ya pili. Akaichana, akaandika alivyosimuliwa, akampelekea Suud dukani.

Suud alisoma kurasa mbili, kasimama vilevile.

"Umemfanya babu yangu mnyama."

"Nimeandika aliyonambia bibi yako."

"Bibi mzee yule. Ameshasahau."

"Kupendwa tu ndiko asikokukumbuka," alisema Mahbuba. "Mengine yote anayo."

Suud akamrudishia karatasi zake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika utambi wa taa wenye mafuta.

Akatafuta mwandishi mwengine. Kitabu kilikuja kutoka Bombay na waridi jekundu juu ya jalada, na wanawake wa kwa Kheiria wakamtaka Mahbuba awasomee. Alisoma ukurasa mmoja. Akakifunga, akawasomea ya kwake.

Wawili waliondoka bila ya kuaga. Mmoja alisema mlangoni kuwa Mahbuba anaaibisha majumba ya watu. Kheiria, aliyekuwa akijipepea, aliuweka upepeo chini na kumwambia wifi yake, "Endelea."

Mwaka 1970 ulipoisha, zikaanza skuli za wasichana, na Mahbuba akarudi kusomesha. Riwaya ya Bi Nasriya aliiandika mpaka mwisho. Hakuna aliyeipiga chapa, naye ya kuagizwa hakuandika tena.