Haraka ya Shemeji

Mimi na mdogo wa mke wangu tulinunua ploti zinazopakana hapa Kitengela, tukaanza kujenga pamoja. Mke wangu alikuwa ameharibikiwa magoti, na tulikuwa tukiishi kwa kodi orofa ya tatu. Kila ngazi aliipanda akishika ukuta. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya chini kabla ya mvua kubwa.

Mimi nilijenga kwa foleni. Kuta ziishe, ndipo paa. Paa liishe, ndipo nitafute fundi wa madirisha. Kwa shemeji, kuta zikiwa bado zinapanda, mbao za paa zilikuwa zinapigiliwa misumari chini, madirisha yanachomelewa kando ya barabara, na shimo la choo linachimbwa nyuma. Nyumba ikachipuka kama uyoga.

"Umeona ya ndugu yangu?" mke wangu aliniuliza kila Jumamosi. Alisema kwa fahari ambayo mimi sikuwahi kuipata kwake. Hiyo iliniuma kuliko paa la bluu ambalo shemeji alikwisha kuliezeka.

Shemeji akaniita mpakani. "Mulamwa, shemeji yangu, chukua fundi wangu wa madirisha. Aanze sasa, kuta zitamkuta."

"Jenga kiota chako," nikamjibu. "Ya mzee hujengwa na mzee."

"Sawa mzee. Ndege tukishahamia, usituwinde!"

Wiki hiyohiyo nikamwiga kimyakimya. Nikaamuru kila kitu kiende mara moja: paa, madirisha, hata sakafu. Kwa wivu nilikuwa nimeziona mbio zake tu. Sikuona kwamba sakafu hakuiharakisha. Aliuchimba udongo mweusi wa huku mpaka ukaisha, akajaza mawe na maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, akashindilia, akangoja, huku kazi za nje zikiendelea. Mimi nilimwaga simiti juu ya udongo wenyewe.

Mvua ikanyesha, udongo ukavimba. Sakafu ikainuka katikati kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Milango ikakataa kufunguka.

Mke wangu hakunigombeza. "Si ungemuuliza tu?" akasema. Ndugu yake akaja na pikapu, akabeba nguo za dada yake na kiti chake, akampa chumba cha mbele nyumbani kwake.

Sasa navunja sakafu kwa nyundo. Ng'ambo ya mpaka nasikia mke wangu akicheka na ndugu yake, kicheko ambacho kule orofani hakikuwako. Leo ameniita mara mbili nikale. Nimeitika nakuja, na bado nimeshika nyundo.