Maziwa Yasiyofika Mifupani

Bi Kagua hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata getini, kwenye kiwanda cha sabuni, ambako kazi yake ilikuwa kuwapekua wafanyakazi wa kike wanapotoka zamu. Alijua mche wa sabuni unavyofichwa ndani ya kilemba, kwenye mbeleko, hata katikati ya mkate uliotobolewa. Kazi ile ilimfundisha jambo moja tu: binadamu usipomkagua, anaondoka na chako.

Kiwanda kilimstaafisha, mikono yake ikakataa kustaafu. Sasa aliishi na mwanawe, dereva wa lori anayepita nyumbani kama mgeni, na mkamwana wake, muuzaji wa duka la viatu. Wakienda kazini walimwachia mjukuu wa kike, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Bi Kagua alimwita "mke mwenzangu", na uke wenza wenyewe ulikuwa wa mahaba matupu. Alimtolea miiba ya samaki mmoja mmoja, akamwimbia mpaka sauti ikakauka. Na mlango? Kufuli juu, komeo chini, pazia zito mchana kutwa, maana ukiacha dirisha wazi wapita njia wanakuhesabia vyombo, na mtoto pia.

Jirani yao alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani, wanawe wakicheza ua mzima.

"Shikamoo, mama! Mlete mtoto acheze na wenzake, nitamtazama," alikuwa akiita.

Bi Kagua alijibu nyuma ya pazia kwamba mtoto kalala. Thubutu! Mtu si ndugu yako, mtoto wako anamtakia nini?

Ndipo miguu ya mtoto ikaanza kupinda. Magoti yaliachana, akawa anatembea akiyumba kama bata, na hatua chache tu analia abebwe. Zahanati waliangalia harakaharaka, wakasema mifupa imepungukiwa na madini ya kalisi, apewe maziwa na samaki wadogo. Akapewa. Miguu ikazidi kupinda.

"Mama," mkamwana alisema siku moja bila kuzungukazunguka, "hali ikiendelea hivi nitampeleka kwa mama yangu. Siwezi kukaa namtazama mwanangu anaharibika miguu."

Bi Kagua alishtuka. Achukuliwe mke mwenza, yeye abaki na nani humo ndani?

Mtu mwingine angeuliza maswali. Bi Kagua alitafuta mwizi. Kalisi inaingia na mifupani haifiki, basi kuna mtu anaichukua njiani.

Alianza na muuza maziwa. Aliyachemsha maziwa, akayapoza, akaupima utando kwa kijiko, akaonja huku amekunja uso.

"Wewe kijana, maji haya umeyachota mto gani?"

"Bi mkubwa, ng'ombe akikusikia atagoma."

"Usinichekee hapa!"

Alimwacha huyo akachukua mwingine, na wa pili naye akamwacha. Miguu ikabaki vilevile.

Basi mwizi yumo ndani, aliwaza. Mkamwana yule, mbona ngozi yake inang'aa siku hizi? Na kwa nini ang'ang'anie kumimina yeye maziwa ya asubuhi? Jumapili moja mkamwana alipoingia kuoga, Bi Kagua aliuvuta mkoba wake. Vidole vilikwenda vyenyewe: mfuko wa pembeni, chini ya bitana, kila kona. Alitafuta chupa, akapata kitana na mkanda wa kiatu uliokatika. Alipoinua macho, mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, nywele zikichuruzika maji.

"Unatafuta nini, mama?"

"Maziwa."

"Kwenye mkoba?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini neno samahani halikutoka. Mkamwana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kesho tunakwenda hospitali kubwa, sote watatu," alisema. "Tutakaloambiwa huko ndilo litakaloamua mtoto akae wapi."

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alimgeuza mtoto, akampapasa magoti na vifundo vya mikono. Bi Kagua akawahi kumweleza kwamba maziwa ya mtoto yanachakachuliwa.

"Anakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, kikombe kimejaa."

"Basi maziwa si tatizo, bibi. Anacheza wapi?"

"Ndani."

"Na juani anatoka saa ngapi?"

Mkamwana aliinamisha kichwa.

Daktari akaeleza taratibu. Kalisi ikishafika tumboni haivuki yenyewe kuingia mwilini. Inahitaji vitamini D, na vitamini hiyo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Mtoto asiyeliona jua anakunywa maziwa kila siku, na sehemu kubwa ya kalisi inampita tu na kuishia chooni.

"Hakuna aliyemwibia," alisema. "Nitampa dawa ya matone, na kwa kuwa bado mdogo miguu inaweza kunyooka. Lakini atoke nje."

Bi Kagua alitaka kubisha. Alimtafuta mtu wa kumtupia lawama, akakosa. Machozi yakamtoka mbele za watu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungia."

"Basi wewe ndiye utakayemtoa, mama," alisema mkamwana.

Asubuhi iliyofuata Bi Kagua alifungua mlango akatoka amemshika mtoto mkono. Jua lilikuwa limejaa barazani. Fundi cherehani akasogeza kitambaa chake, akatandika mkeka, na wanawe wakakimbilia kumkaribisha mgeni. Mmoja alimnyooshea mwanasesere wa matambara. Mtoto akakunja uso kwa mwanga, akawatazama juu chini, akajificha nyuma ya gauni la bibi yake na kulivuta kwa nguvu zake zote kuelekea ndani.

"Bibi, funga," alisema. "Wezi."