Jumapili ya Mtengeneza Programu

Masika ya utoto wake, majirani wa kijijini Butiama walipokuwa wakichunga ng'ombe kwa zamu, zamu yake ilipokwisha alikabidhi fimbo na kulala fofofo. Siku hizi anaunda programu za simu katika ofisi moja ya mtaa wa Mwisenge, na kompyuta ikichelewa kuwaka huipigia mluzi kama ndama mkaidi. Ijumaa aliomba apumzike Jumapili.

“Sheria za kazi ni za viwandani, kaka,” alisema Stellah, bosi wake. “Wewe si unakaaga tu kwenye kiti?”

“Sheria inasema mwajiriwa, bosi. Haijauliza kama amekaa.”

Stellah akacheka, kisha akamwonya kwamba asiyepokea simu Jumapili asije Jumatatu. Jumapili mtengeneza programu aliifungia simu yake kabatini, akaenda Butiama. Jumatatu alifika kabla ya wote, akakaa kwenye kiti chake, akaipigia kompyuta mluzi.