Spana za Mkono wa Kushoto

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenifundisha kununua spana. Kuitumia nilikuwa najua. Kununua ni kazi nyingine kabisa, na sikuijua mpaka tulipofungua gereji yetu pale Chuno, mimi na yeye, tukiwa na vifaa vya kuokoteza. Spana zetu nyingi zilikuwa za mnadani, zile zinazong'aa kama vijiko vya harusini. Ukiibana nati iliyokamata kutu, mdomo wa spana unapanuka, inateleza, na vidole vyako vinakwenda kugonga chuma. Mkono wangu una makovu ya mwaka ule.

"Spana mbovu haiharibu nati peke yake," aliniambia siku moja akinifunga kitambaa kwenye kidole. "Inamharibu na fundi. Inamzoesha kuogopa."

Tangu hapo tukaacha kununua seti nzima za rahisi. Kazi ikitupa nafasi tulikwenda kwenye duka la vifaa karibu na soko, tukanunua kimoja tu, kizuri. Nilipenda kumtazama anavyochagua. Spana aliomba aijaribu kwenye nati hapo hapo dukani, akaitikisa kidogo kushoto na kulia. "Inacheza. Rudisha." Soketi aliangalia ndani: alitaka zenye pembe sita, kwa sababu zile za pembe kumi na mbili hula kona za nati kuukuu, na magari yetu sisi mengi ni makuukuu. Raketi, yaani ule mpini unaozungusha soketi huku na huku bila kuitoa, aliisogeza karibu na sikio akaizungusha polepole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Siku tuliyochukua boksi kubwa, jekundu, lenye droo na magurudumu, alimwomba muuzaji aweke nyundo mbili ndani ya droo ya chini kisha akaivuta mwenyewe kwa kidole kimoja.

"Wewe fundi unanunua boksi au unaposa?" muuzaji akamuuliza.

"Mke nilishaoa, akaondoka," shemeji akajibu. "Hili nataka likae."

Tulicheka sote. Lakini ilikuwa kweli. Mkewe alishaondoka zamani, na hawakujaliwa mtoto. Boksi tulilipakia kwenye guta, yeye akatembea kando yake njia nzima akiwa ameweka mkono juu, kama vile barabara ingelimeza.

Hewa ya kwetu ina chumvi. Chuma hata kiwe cha namna gani, ukikiacha wiki bila kukifuta kinaanza kuota madoa. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kufunga, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafuta kifaa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye oili. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Yeye hakuwa nayo.

Balaa lilimpata msimu wa korosho, wakati malori hayaishi. Tulikuwa chini ya lori moja, yeye ndani kabisa, mimi nimechuchumaa pembeni nikimpa vifaa.

"Shemeji, nipe kumi na saba."

Nikampa. Ikamponyoka, ikaangukia kifuani kwake. Nikadhani ni oili. Nikaiokota, nikaifuta, nikampa tena. Ikaanguka tena. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa. Kwa kuwa sisi wawili mara nyingi tulichanganya Kiswahili na Kimakonde, nilidhani ni Kimakonde ambacho hakikunifika vizuri, nikamjibu kwa Kimakonde, "Unasemaje?" Akarudia. Hakikuwa Kimakonde. Hakikuwa lugha yoyote. Nikainama kumtazama usoni, nikaona upande mmoja wa mdomo umeshuka.

Tukamvuta kwa miguu, mimi na dereva wa lori, tukamkimbiza hospitali. Wakasema ni kiharusi.

Maneno yalimrudia karibu yote. Mguu ulimrudia kiasi, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia kando yake kama umeazimwa, na usiku, mama yake alitwambia, alikuwa anauchukua kwa ule wa kushoto na kuulaza juu ya tumbo.

Alikuwa amehamia kwa mama yake, Mikindani, na mimi na mke wangu tulikwenda kumwona kila tulipoweza. Nilidhani kitakachomuumiza zaidi ni kazi. Kumbe lilikuwa jambo dogo: salamu. Mtu akiingia akamnyooshea mkono, yeye hawezi kumpa wa kushoto, si adabu, na wa kulia haunyanyuki. Basi alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti mpaka mgeni akae. Kula pia. Mara ya kwanza alipotia mkono wa kushoto kwenye sinia mbele yetu alisita, akaurudisha. Mama yake akasogea, akatengeneza tonge la ugali wa muhogo, akamlisha kama mtoto, na sisi wengine tukaongea kwa sauti kubwa juu ya mvua.

Siku moja, nilipoinuka kuaga, akaniambia nikae.

"Nitarudi gereji."

"Utarudi," nikasema.

"Usinijibu kama unamjibu mgonjwa. Nasema nitarudi. Zile spana zetu ni za watu wenye mikono miwili. Nenda kanichagulie za mkono mmoja. Na wa kushoto huo."

Nilikwenda duka lile lile. Nilisimama mbele ya rafu nikagundua sijui nianzie wapi. Miaka yote macho ya kuchagua yalikuwa yake. Mwisho nikafungua mkanda, nikaufunga mkono wangu wa kulia ubavuni, nikaanza kujaribu vifaa kwa ule wa kushoto. Vijana waliokuwa dukani wakacheka. Muuzaji naye akacheka, akaniuliza kama ni mchezo wa bahati nasibu.

"Ni kwa ajili ya fundi wa lile boksi jekundu," nikasema. "Mkono wake wa kulia umekufa."

Muuzaji akatoka nyuma ya meza, akawatuma wale vijana kwenye stoo, na tokea hapo tukachagua pamoja.

Nilichukua raketi yenye meno madogo madogo, ili asogeze mpini kidogo tu na nati iitikie, maana mtu wa mkono mmoja hana nafasi ya kujipanga upya. Nikachukua mpini mrefu kuliko tuliouzoea, uzito wa mwili umsaidie. Nikachukua spana za ringi zinazoikumbatia nati pande zote, zisiteleze, na sahani ya sumaku ya kuwekea bolti zisitawanyike. Bisibisi nilichagua zenye mpini mnene wa mpira. Boksi ndilo lililonichukua muda. Yale ya chuma yalikuwa imara lakini mazito. Ya plastiki mepesi, lakini vifungo vyake vilihitaji mikono miwili kufungua. Muuzaji akapata moja la turubai nene, kama mfuko wa fundi bomba, mdomo wazi, mshikio mmoja juu. Nikalibeba kwa mkono wa kushoto mpaka mlangoni na kurudi. Likanikubali.

Nilipompelekea alivitandaza kitandani. Akaitikisa kila spana. Akaisogeza raketi sikioni.

"Umechagua vizuri," akasema. Kisha, akiiweka chini, "Umejifunza."

Nilitoka nje nikaosha uso kwenye pipa la maji la mama mkwe.

Akarudi gereji. Nilimfuata Mikindani asubuhi na pikapu, nikamrudisha jioni. Tukampa kazi ambazo mwili wake ungeweza: kufungua plagi, kubadilisha oili, kubana magurudumu. Alijifunza kushikilia kipande kwa goti huku akifungua. Alijifunza kulalia mpini kwa kifua. Jasho lilimtoka kwa kazi ambazo zamani alizifanya huku anapiga hadithi. Kuna siku alifungua pampu ya maji peke yake, toka bolti ya kwanza mpaka ya mwisho, akaiweka juu ya benchi, akaitazama tu. Nikapiga makofi. "Usipige makofi," akasema, lakini alikuwa anatabasamu kwa ule upande uliobaki.

Wateja walikuwa na heshima, hilo niseme. Walimsalimu, walimletea chungwa, ndizi. Ila wakishamaliza kumsalimu walinivuta pembeni. Mama mmoja mwalimu, anakaa Shangani, alininong'oneza, "Naomba breki unitazamie wewe mwenyewe, tafadhali." Alinong'ona taratibu kabisa. Shemeji alikuwa amelala chini ya gari la pembeni, na masikio yake hayakupata kiharusi.

Nilimjibu yule mama kwamba gereji ni moja. Lakini shemeji mwenyewe, alipotoka chini ya lile gari, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alishika fimbo yake, akaniita kwenye pikapu ya mteja mmoja, aliyokuwa ameirudishia magurudumu asubuhi.

"Pita nyuma yangu," akasema. "Kaza nati zote nilizokaza."

"Ya nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kukaza."

"Kaza, shemeji."

Nikaweka mpini kwenye ya kwanza, ilikuwa imekaza sawasawa, haikusogea. Ya pili pia. Ya tatu ikazunguka. Si sana. Lakini ilizunguka, na yeye aliiona ikizunguka. Gurudumu la nyuma nati mbili zikazunguka.

"Mkono huu haunipi habari," akasema. "Wa kulia ulikuwa unaniambia imetosha. Huu nauuliza, haujibu."

Nikamwambia kuna spana ya kupimia, ile inayotoa mlio nati ikifika, tutaiagiza Dar. Nikamwambia nitakuwa napita nyuma yake kila siku, si taabu. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Gari hili linabeba watoto wa shule," akasema. "Na wewe hutakuwepo kila siku. Siku utakayosahau kupita nyuma yangu, mimi nitaishi vipi?"

Akapanga vile vifaa kwenye mfuko wa turubai, kimoja kimoja, akakaa kwenye pikapu yetu akaningoja. Tulipofika kwao akaniomba nimshikie mlango tu, mfuko akaubeba mwenyewe.

Hakurudi tena. Nilikwenda kumwona kama kawaida, nikimpelekea habari za magari, na aliniuliza maswali: lile lori limepona? Nani ameleta ile injini? Mara nyingine nilimkuta barazani amevitandaza vile vifaa kwenye mkeka anavifuta, hata kama havikuwa na doa. Mke wangu alimwambia aviache apumzike. "Napumzika," akasema.

Kiharusi cha pili kilimchukua wakati wa alasiri, amekaa pale pale barazani, mama yake yuko uani anachambua kisamvu. Tulimzika kesho yake asubuhi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Wengi niliwajua kwa magari yao. Yule mama mwalimu alikuja, ametanda khanga kichwani, akalia kuliko ndugu. Hakukosea kuuliza. Hakuna aliyekosea, na nadhani hilo ndilo linalonilemea mpaka leo, kwamba hakuna wa kumkasirikia.

Baada ya arobaini kupita, mama mkwe aliniambia anataka kuiona gereji. Miaka yote ile hakuwahi kuingia. Nikamleta asubuhi, kabla ya wateja, nikamtafutia kiti. Alivaa vazi lake la kwendea shughuli. Akatazama mashimo, mabati, magari yaliyofunguliwa matumbo.

"Alikuwa analala wapi?" akauliza.

"Alikuwa halali hapa, mama. Tulirudi nyumbani."

"Nauliza alipokuwa analala chini ya gari."

Nikamwonyesha. Akaomba kuona vyombo vyake. Nikavuta droo za boksi jekundu, moja baada ya nyingine, na yeye akauliza kila kimoja kina kazi gani, nami nikamweleza. Hakuharakisha. Alipofika kwenye spana ya kumi na saba aliichukua, akaipima uzito.

"Nzito," akasema. "Alikuwa anaishikaje?"

Nikamwonyesha namna ya kuishika, kidole gumba juu, vinne chini. Akajaribu. Mkono wake ni mdogo, una sugu za jembe. Aliikamata hivyo kwa muda mrefu, akitazama mlangoni.

"Hivi?"

"Ndivyo, mama. Hivyo hivyo."

Hakulia. Aliirudisha kwenye droo, akaomba maji ya kunywa, akasema muhogo wake unangoja kuanikwa na jua limeshapanda. Nikamrudisha Mikindani.