Mtu wa Kompyuta Hamenyi Kahawa

Nakumbuka kahawa ikioza Machame, mwanangu, na hasira yake haijapoa hadi leo. Nilikuwa nasomea ubunifu wa mashine katika chuo kimoja hapa Moshi, kompyuta ndiyo kwanza zinaingia. Tuliambiwa zipo sita. Nilizihesabu mara mbili nikapata tano. Ya sita ilikuwa kasha tupu.

Somo lilikuwa kulinganisha kifaa na mwili wa atakayekitumia; changu kilikuwa mashine ya kumenyea kahawa, ya kuzungusha kwa mkono. Ndani ya programu alikuwamo mtu wa picha: ukibonyeza anainama, ukibonyeza tena anazungusha mpini. Haumwi mgongo, halalamiki. Nilitakiwa pia kwenda kuwapima akina mama wanaomenya kahawa. Sikwenda. Kwetu anayempima mzee kwa futi ni seremala wa majeneza, niliona haya. Mimi, niliyeuza mitumba Himo kila likizo na kujua koti la mtu kwa kumtupia jicho, nikachukua vipimo vya yule wa kompyuta. Nikapata alama za juu.

Mashine ilipoundwa, tukampelekea Mama Ndeshi, mjane mwenye bega bovu. Alikuwa amechuma madebe manane, na kahawa mbivu hailazwi bila kumenywa. Mkono wa kuzungushia ulimfika sikioni. Akapanda juu ya ndoo, akazungusha. Debe la tatu lilipoisha, bega likagoma.

“Huyu uliyemtengenezea yuko wapi?” akaniuliza. “Mwite aje amenye.”

“Yupo kwenye kompyuta, mama.”

“Basi na kahawa yake ikamenywe huko. Mimi mbona hukunipima?”

“Niliogopa, mama. Futi na wazee…”

“Fundi cherehani hunipima kila Krismasi. Umesikia nimezikwa?”

Madebe matano yalichacha. Mwalimu wetu akasema programu ile haikosei. Haikosei kwa nani? Mwanamke amelala na bega limevimba, sisi tunatetea picha! Nilirudi na futi, nikampima kisigino hadi kiwiko, mara mbili, nikakata miguu ya mashine. Kahawa haikurudi.

Mwanangu, nawe sasa unayeanza ubunifu, mficha uchi hazai. Kompyuta itumie, ni chombo kizuri, lakini usichore kabla hujabisha hodi kwa atakayeshika mpini. Mpe shikamoo, mweleze, mpime. Akikucheka, mwache acheke. Aibu yako ni nyepesi kuliko bega lake.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayetumia kazi yako aamke asubuhi bila maumivu.